Wageni Walioahirisha Ziara

Kila asubuhi, kabla sijafungua kompyuta, napita wodi ya watoto wachanga kusikiliza mashine. Si kazi yangu. Mimi ni mtu wa takwimu, kazi yangu iko mezani. Lakini mashine yetu ya oksijeni inanguruma taratibu kama paka aliyelala juani, na nikiisikia najua kuna mtoto anapumua upande wa pili wa mpira wa hewa. Sista Zituni, muuguzi mkuu wa wodi ile, hunimiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa, mimi humkatia nusu ya chapati yangu, tunakula tumesimama, hatusemi mengi. Yeye hasemi kwa sababu watoto wamelala. Mimi sisemi kwa sababu ndivyo nilivyo.

Jumatatu hiyo chai ilikuwa bado ya moto wakati wanaume wawili wenye suti walipoingia bila kuvua viatu. Mmoja alitoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akaanza kuipima mashine.

"Upana unatosha," alimwambia mwenzake. "Itakaa vizuri pembeni mwa tangi."

"Tangi gani, baba?" Sista Zituni aliuliza.

"La samaki, mama. Pale mapokezi ya Wizara. Mmoja alifariki wiki iliyopita kwa kukosa hewa. Hamkuona bendera nusu mlingoti?"

Tuliiona. Tulidhani ni Rais.

"Hapo kuna mtoto ameunganishwa," alisema Sista Zituni.

Yule mwenye futi aliinama, akamtazama mtoto kama mtu anayetazama kiti kilichokaliwa na asiyealikwa. "Ana jina?"

"Atapataje jina? Kazaliwa jana."

"Basi hapo hakuna mtu, mama," alisema kwa upole wa kikazi, akikunja futi yake. "Hospitali yenu haina vifo vya watoto. Mashine inakaa bure. Tutakuja kuichukua Ijumaa, mahafali yakiisha."

Mahafali aliyoyasema yalikuwa yangu.

*

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, naomba nieleze kidogo. Nchi yenyewe sitaitaja. Jina lake hubadilishwa kila anapoingia Rais mpya, na la sasa bado liko kwa mchora mabango, linakauka.

Kwetu mtoto akizaliwa huitwa mgeni. Hapewi jina mpaka arobaini yake itimie, anapotolewa nje na kuonyeshwa jua. Akiondoka kabla ya siku hiyo, hakuna matanga. Bibi zetu waliweka hivyo kwa huruma, ili mama asilie sana kwa ajili ya mtu ambaye hajamzoea. Majirani huja, hukaa mkekani, husema "mgeni kapita, atarudi," hunywa kahawa, huondoka. Mama hubaki na maziwa kifuani.

Ilikuwa mila ya kimyakimya, mpaka Wizara ya Afya na Sifa Njema ilipoigundua. Mwaka huo takwimu zetu za watoto wachanga zilikuwa mbaya kiasi kwamba Waziri alishauriwa asizisome akiwa hajala. Basi ukatoka Waraka wa Kuenzi Mila. Ulisema kwamba mtu asiye na jina hawezi kufa, kwa kuwa haitajulikana ni nani aliyekufa. Tangu hapo mtoto akifariki kabla ya arobaini huandikwa kuwa "ameahirisha ziara," na kumbukumbu zake hupelekwa Wizara ya Utalii. Mama akifariki katika kujifungua huandikwa kuwa "amemsindikiza mgeni." Utalii nao hawakulalamika. Walitangaza kwamba hakuna nchi nyingine yenye wageni wengi wanaokusudia kurudi.

Vifo vikawa sifuri. Katikati ya mji mkuu, kwenye mzunguko wa barabara, ilijengwa sanamu ya sifuri ya saruji, kubwa kuliko nyumba, imepakwa chokaa. Magari huizunguka usiku na mchana. Wanasema ukipita na mjamzito lazima upige honi, kuonyesha furaha.

*

Dada yangu Siwatu alipata mgeni mwaka jana, wiki ile ile ya Sherehe ya Sifuri.

Siku mtoto alipoanza kupumua kwa shida, mashine haikuwapo. Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ilikuwa imeiazima kwa ajili ya kujaza maputo. Sista Zituni alitoka mbio mpaka uwanjani na vazi lake la kazi, akazuiwa getini kwa kuwa hakuvaa sare ya sherehe. Maputo yenyewe hayakupaa. Mshereheshaji alilieleza vizuri jambo hilo kwenye kipaza sauti: alisema ni maputo yenye unyenyekevu. Jioni mashine ililetwa, imefutwa vumbi, imefungwa utepe, pamoja na barua ya shukrani. Mgeni wa dada yangu alikuwa ameshaahirisha.

Majirani walikuja, wakakaa mkekani. "Kapita, atarudi." Nami nilikaa, nami nilisema hivyo hivyo. Siwatu alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayesubiri kuulizwa kitu, kisha akaenda kuosha vikombe.

Jumatatu hii ninayoisimulia, alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeshuka, miguu imevimba. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Wanaichukua mashine Ijumaa," nilimwambia.

Vidole vyake havikusimama. "Wanaipeleka wapi?"

"Kwa samaki."

"Kwa samaki." Alitupa jiwe dogo uani. "Na Sista kasema mimi ni wiki hii hii."

"Najua, dada."

"Mashavu, si wewe umesoma? Si ndiyo hayo mafunzo unayokaa mbele ya kompyuta umevaa koti juu na kanga chini? Waambie."

"Pale hatusemi, dada."

"Darasa gani watu hawasemi?"

"Tunabonyeza maua."

Alicheka, cheko la puani. "Serikali imekupata kweli. Ilikuwa inatafuta mtu asiyesema tangu uhuru."

*

Mafunzo yaliitwa Mafunzo ya Umbali kwa Wataalamu wa Takwimu za Afya ya Mama na Mtoto. Tulikuwa mmoja kutoka kila wilaya, kila mtu kwenye kompyuta yake, sura zetu zimepangwa kwenye kioo kama mayai kwenye trei, na chini ya kila sura jina la mwenyewe.

Mkufunzi wetu alikuwa Dk. Sekondo, Mkurugenzi Mkuu wa Mwelekeo. Alikaa mji mkuu, nyuma yake bendera, mbele yake karatasi. Ana sauti ya redio ya taifa, na kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: husoma chochote kilicho mbele yake, bila kusimama na bila kudhurika. Siku moja msaidizi wake alimwekea kikaratasi juu ya somo. Dk. Sekondo alisoma, "Kuhusu uzito wa mtoto anapozaliwa, dereva anauliza kama asubiri au akale." Tuliandika wote. Kwenye mtihani lilikuwa swali la tatu, na jibu sahihi lilikuwa "akale."

Pembeni yake alikaa Bwana Chambuso, Ofisa wa Utulivu wa Mtandao. Kazi yake ilikuwa kufunga vinasa sauti vyetu. Hatukuweza kusema, tuliweza kubonyeza picha tu: mikono inayopiga makofi, moyo, au ua. Hata anayekohoa alishauriwa abonyeze ua.

Nilijifunza mengi, sitaki kuwa mkosefu wa shukrani. Nilijifunza kwamba mstari wa takwimu unaopanda ni mstari uliokosa malezi.

"Mtaalamu akiona mstari unapanda, anafanya nini?" aliuliza Dk. Sekondo. "Anatafuta sababu? Hapana! Sababu ni nyingi, zitamchosha. Mtaalamu anaukalisha chini. Kwa heshima, lakini kwa uthabiti."

Maua, maua, maua.

Tulipewa na zoezi: wilaya moja wajawazito wanaugua malaria kwa wingi, vyandarua hakuna, dawa hakuna. Mtaalamu apendekeze nini? Niliandika vyandarua. Nilikosa. Ilitakiwa kwaya.

Jioni nilisoma maneno ya Bakiri, mwenzangu wa wilaya ya Songeleka, kwenye kundi letu la simu, ambako Bwana Chambuso hakuwapo. Bakiri ni mtu wa ndevu nyingi na maneno mengi. "Jamani," aliandika, "mimi nimeandika kwaya nikapewa nusu. Ilikuwa kwaya ya akina mama. Nimesahau wapi? Au ilitakiwa wawe wajawazito?"

*

Jumanne niliamua kuuliza. Palikuwa na kisanduku cha maswali, unaandika, Bwana Chambuso anasoma. Niliandika kwa uangalifu, maana naogopa kumkwaza mtu:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, samahani sana kwa kukuchukulia muda wako wa thamani, na hongera kwa somo zuri. Kama hutajali, na kama nafasi inaruhusu, ningependa tu kufahamu iwapo labda ingewezekana, kwa jinsi mtakavyoona inafaa..."

Kisanduku kilijaa hapo. Mashine ilikuwa kwenye sentensi iliyofuata.

"Mshiriki wa Kiweru," alitangaza Bwana Chambuso, akiitaja wilaya yangu, "anampongeza Mheshimiwa kwa somo zuri."

Maua yalishuka kwenye kioo mpaka sura zetu zikafunikwa. Nilikaa nyuma ya maua hayo na joto usoni.

Kisha Dk. Sekondo alivua miwani. Alituomba tusimame, kila mtu alipo, kwa dakika ya ukimya. Ilikuwa ya marehemu Ustawi, samaki wa dhahabu wa mapokezi. Tulisimama. Wengine tulisimama na kanga zetu zikaonekana.

"Nasikia wapo wanaonong'ona," alisema akikaa. "Wanauliza, kwa nini Wizara ihesabu kifo cha samaki? Nawajibu kitaalamu. Kwa sababu Ustawi alikuwa na jina! Nilimpa mimi, kwa kinywa changu, mbele ya bendera hii. Na Kanuni za Takwimu Njema zinasema nini?" Alivuta karatasi, akasoma kwa sauti iliyotikisa spika. "Jina lolote litakalotamkwa na Mkurugenzi Mkuu mbele ya bendera litakuwa jina halali lisilofutika, na mwenye jina hilo akifa atahesabika amekufa rasmi, na palipo na kifo rasmi kwa kukosa hewa, chombo cha hewa kitawekwa na hakitaondolewa! Ndiyo maana samaki waliobaki wanapata mashine. Sheria ni sheria."

Maua yalianza tena. Langu sikulibonyeza.

Simu yangu ilitetemeka. Bakiri.

"Umesikia?"

"Nimesikia," niliandika.

"Ijumaa atasoma majina yetu mbele ya bendera."

"Atasoma yaliyoandikwa chini ya sura," niliandika. "Na yale tunayaandika wenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, Bakiri alikosa neno. Alituma ua.

*

Siwatu alikuwa uani, ananing'iniza vitenge vya mtoto. Nilishika ncha moja ya kitenge, naye nyingine, tukakikamua.

"Dada," nilisema. "Yule mgeni. Ulimpa jina?"

Kitenge kilisimama katikati yetu, kinadondosha maji.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna mtu. Nauliza tu."

Alitazama mlangoni, kama mtu anayefanya jambo la magendo. "Makame," alisema.

Ni jina la baba yetu.

"Nilimwita sikioni palepale wodini. Sista Zituni alikuwepo, akajifanya anakunja mashuka. Nikamwita tena alipokuwa anavuta zile pumzi. Nilidhani akijua anaitwa nani atabaki." Alichukua kitenge kutoka mkononi mwangu, akakitundika mwenyewe, akakinyoosha pembe. "Tangu hapo hakuna aliyeniuliza. Hata wewe."

Nikasema lililonipeleka. "Nakuomba hilo jina, dada. Nilipeleke kwenye mahafali."

Nilimweleza yote: bendera, kanuni, samaki. Alinisikiliza mkono mmoja kiunoni na mwingine tumboni. Nilipomaliza alikuwa analia, na bado anacheka.

"Yaani mwanangu atapewa cheti?"

"Atapewa."

"Cha utaalamu?"

"Wa takwimu."

"Basi lisomwe vizuri," alisema akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Lisikatwe. Waseme na mama yake ni nani."

Nilipomwuliza Sista Zituni kama kuna akina mama wengine waliowapa watoto wao majina kabla ya arobaini, alinitazama kama nimeuliza kama kuna wanaokula. "Wote, mwanangu. Hujawahi kuzaa, utajuaje. Wote huwaita. Unadhani mashuka ya wodi hii yanakunjwa mara ngapi?"

Alikwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, akaomba ruhusa. Huko Songeleka Bakiri naye alizunguka na baiskeli yake, na wenzetu wa wilaya nyingine vilevile. Kuna akina mama waliokataa, wakafunga mlango. Majina yao yamebaki yao. Kuna mmoja alisema jina mara moja tu na kuomba asirudiwe kuulizwa. Na kuna bibi mmoja mzee sana, Bakiri alituambia, alitoka nje na kumfuata barabarani, akamtajia jina la mgeni aliyepita kabla hata nchi haijapata jina lake la kwanza.

*

Ijumaa Siwatu alianza uchungu kabla ya jua kupanda.

Kwa hiyo sikuhudhuria mahafali ofisini. Niliihamisha kompyuta mpaka kwenye meza ya wauguzi wodini, nikavaa joho nililotumiwa, ambalo limeshonwa upande wa mbele tu. Mashine ilinguruma pembeni yangu. Dada yangu alitembea taratibu kando ya ukuta, mkono kiunoni, akisimama kila maumivu yalipokuja. Mlangoni walisimama wale wanaume wawili wa suti na toroli.

"Mtamaliza saa ngapi?" mwenye futi aliuliza.

"Mtaambiwa," alisema Sista Zituni. Alimimina chai, akalikalia toroli lao, akaanza kunywa.

"Mama, hiyo ni mali ya Wizara."

"Na mimi pia, baba. Mwaka wa thelathini huu. Nisukume."

Kwenye kioo alionekana Waziri mwenye usingizi, na karibu naye mgeni wa heshima, mama mmoja mwenye mvi kutoka kwa wafadhili, na mkalimani sikioni mwake. Nyuma yao, bendera. Dk. Sekondo alivaa joho lenye pande zote mbili.

Alianza kwa hotuba. Alisema taifa letu limefika mahali ambapo mataifa mengine yanakuja kujifunza sifuri. Alisema sifuri si jambo dogo. Ni kazi, ni jasho, ni usiku wa kukesha mtu anafuta. Waziri alipiga makofi usingizini. Kisha Bwana Chambuso akamgeuzia kioo chenye sura zetu, na Dk. Sekondo akainua mkono wa kulia.

"Sasa nitawatunuku wataalamu wetu, mmoja mmoja, kwa jina lake. Kiweru!" Aliinama kidogo kusoma. "Makame wa Siwatu!"

Dada yangu alisimama. Haukuwa uchungu.

"Makame wa Siwatu," alisoma tena, kwa ile sauti ya redio, kila silabi mahali pake, "kwa mamlaka niliyopewa, mbele ya bendera hii, nakutambua na kukutunuku. Taifa linakuhesabu!"

Makofi. Maua. Siwatu alikuwa ameshika ukuta kwa mikono yote miwili.

"Songeleka! Nyamizi wa Kabula! Taifa linakuhesabu!"

Bakiri, ndevu zimechanwa, aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Riziki wa Tausi! Taifa linakuhesabu! Semeni wa Mwantumu! Mbaruku wa Zena, na mama yake, Zena, aliyemsindikiza!" Hapo alikwama kidogo, kama gari kwenye tuta, lakini kipaji chake kikamvusha. "Taifa linawahesabu!"

Wale wa mlangoni walikuwa wamevua kofia, nadhani bila kujua. Sista Zituni hakunywa tena chai. Alikuwa anatamka kila jina pamoja na spika, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita watoto walale.

Dk. Sekondo alisoma wilaya zote. Alipomaliza, mama yule wa wafadhili alimnong'oneza mkalimani wake.

"Mgeni wetu amefurahi sana," alisema mkalimani, "kuona wanawake wengi wamehitimu. Anaomba kuzungumza na mmoja wao. Nyamizi wa Kabula."

"Bila shaka!" alisema Dk. Sekondo. Na kwa mara ya kwanza tangu mafunzo yaanze, akatutazama.

Alimtazama Nyamizi wa Kabula. Nyamizi alikuwa na ndevu.

Alitazama sura ya pili, na ya tatu, na majina chini yake. Niliona midomo yake ikisogea, anasoma tena, safari hii kimya. Kipaji chake kilimtoka hivi hivi mbele ya Waziri. "Chambuso," alisema, "hawa ni akina nani?"

Waziri aliamka. "Ndiyo, ni akina nani?"

"Kiweru ndiye aliyeanza," alisema Bwana Chambuso. "Kiweru aeleze."

Ujumbe ukatokea kwenye kioo changu, kwa siri, kutoka kwake: "Nakufungulia. Sema ni hitilafu ya mtandao, omba radhi. Maneno hayo tu, dada yangu, tafadhali. Tutaendelea kula wote."

Kisha ile alama nyekundu iliyokuwa imekatiza kinasa sauti changu tangu siku ya kwanza ikatoweka.

Kitu cha kwanza walichosikia huko mji mkuu si sauti yangu. Walisikia mashine. Ilinguruma kwenye ukumbi ule wote, kwenye masikio ya Waziri, kwenye sikio la mkalimani, na ndani ya mngurumo huo, ukisikiliza vizuri, palikuwa na pumzi ndogo ya mtoto wa Jumapili, ambaye wale wa suti walisema hayupo.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," nilisema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi. "Samahani sana kwa kukuchukulia muda wako. Kama hutajali, na kama nafasi inaruhusu, ningependa labda..."

"Mashavu!"

Ilikuwa sauti ya dada yangu, kutoka ukutani, amebana meno katikati ya uchungu.

"Mashavu, sema!"

Niligeuka nikamwona. Alikuwa ananitazama vilevile kama siku ile mkekani, kama mtu anayesubiri kuulizwa kitu. Nikageukia kioo. Nilivua lile joho la upande mmoja, lilikuwa linanibana shingo.

"Makame ni mtoto wa dada yangu," nilisema. "Alizaliwa hapa. Hakuwa mgeni, alikuwa kwao. Hakuahirisha chochote. Alikufa. Alikufa kwa sababu hewa yake mliijaza kwenye maputo. Na wote uliowasoma wamekufa, Mheshimiwa, umewataja mwenyewe mbele ya bendera na huwezi kuwafuta. Dada yangu anajifungua sasa hivi. Mashine haitoki."